Mtoto wa Fundi Haachi Uzi Ukining'inia

"Hii si kofia, dada. Hiki ni kifuniko cha sufuria!"

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea, koti jeupe la hospitali bado mwilini, ameibana kofia kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mfu.

"Kifuniko cha sufuria kina kishikio," nikamjibu. "Hiyo haina. Iweke chini kabla hujaichafua."

"Huu ukingo umeupima kwa kidole cha nani? Cha kichanga? Nilisema vidole vinne. Vinne! Jua likishaanza kuinama linapita hapa, linapiga shavu, linapiga sikio. Kesho mtu ananijia na kidonda, na mkataji ni mimi. Wewe unabania kitambaa, mimi namega nyuso za watu."

"Turubai haioti kama majani, daktari. Ukingo wa vidole vinne unakula kofia mbili kwa moja."

"Basi shona chache zenye maana."

"Na watakaokosa?"

Ugomvi wetu wote huishia hapo, kwa watakaokosa. Aliiweka kofia juu ya meza, akaona uzi umetokeza kwenye pindo, mkono wake ukaenda kwenye mkasi wangu. Kisha akaurudisha mkono mfukoni kama aliyeungua. Uzi ule aliuacha pale pale. Siku hizi hakati uzi wowote asipolazimika, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza, maana watu wanamsema vibaya bila kujua.

Mdogo wangu ni daktari wa ngozi. Shangazi yetu alipopata habari kwamba kijana wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu amechagua ngozi, aliuliza kama atafungua kiwanda cha viatu. Wenzake wa chuo nao walimwita Daktari wa Chunusi. Walidhani atakaa kwenye kiti kinachozunguka, akiwaandikia mabinti mafuta ya uso, saa tisa yuko nyumbani. Laiti ingekuwa hivyo. Angekuwa na kitambi sasa hivi.

Yeye alikwenda kwenye kansa. Wagonjwa wake wengi ni watu wenye ualbino, ambao jua linawala mchana kweupe mbele ya watu wote na hakuna anayepiga yowe. Wapo pia wazee wenye makovu ya moto ya zamani yaliyogeuka, na wapo weusi kama mimi wenye doa chini ya unyayo, ambao walilifunga kitambaa mwaka mzima wakisema ni mwiba. Wote wanakuja wamechelewa. Wameshapita kwa muuza dawa wa mtaani, wameshapakwa hiki, wameshakunywa kile, na kidonda kimeshachimba kikaona mfupa. Ndipo wanamkumbuka mdogo wangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini yeye alikuwa akiletewa nyumba iliyoanguka, halafu anaambiwa azibe ufa.

Mkono wa kushona aliurithi. Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na chumba hiki ninachoshonea ndicho alichoshonea yeye, na cherehani ni lile lile. Sisi tulilelewa chini ya meza yake. Mimi nilipewa kazi ya kushona vifungo. Mdogo wangu, kwa kuwa alikuwa mdogo na macho yake makali, alipewa mkasi mdogo wa kukata nyuzi zilizobaki kwenye mapindo. Mama alikuwa akisema, "Uzi ukining'inia, mteja haoni nguo. Anaona uzi." Basi mtoto akawa hana subira na nyuzi. Alikata zetu, akakata za majirani wamesimama foleni ya maji. Siku moja shuleni akaona uzi kwenye mkono wa sweta la mwalimu, akauvuta ili aukate vizuri, sweta likafumuka mpaka kwenye kiwiko. Alichapwa, akarudi nyumbani analia, mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Tulicheka sote. Tungejua, tusingecheka.

Ukishonwa na mdogo wangu, kovu lako halionekani mpaka uonyeshwe. Nimeona mashavu yaliyokatwa kipande cha ukubwa wa kizibo cha soda, yakafungwa kwa kuvuta ngozi ya shingo, na mwenyewe akapita mtaani hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nikipeleka kofia kliniki kila siku ya wagonjwa wake, kwa hiyo chumba chake nakijua. Kitanda kimepasuka mto, sponji inachungulia. Taa ya upasuaji ina shingo iliyovunjika, imefungwa kwa bandeji, hivyo huwezi kujua nani mgonjwa kati ya taa na mtu. Kioo cha mkononi kinakaa kwenye droo. Kabla ya kuchoma sindano ya ganzi anampa mgonjwa kile kioo na kumwambia, "Jitazame. Nionyeshe wewe mwenyewe nakata wapi." Muuguzi wake analalamika kwamba anapoteza muda. Yeye husema uso ni wa mwenyewe, hauibiwi ukiwa umefunikwa.

Akishakata, kile kinyama hakitupwi. Kinatiwa kwenye chupa ya dawa na kusafirishwa maabara ya mji mwingine, wakakitazame kwa hadubini, waone kama ugonjwa umeisha au umebaki kwenye ukingo. Sasa, kinyama kikishatoka mwilini hakina mbele wala nyuma. Kwa hiyo kabla ya kukitia kwenye chupa anapitisha uzi upande mmoja, ule uliokuwa unaelekea utosini, anauacha mrefu kama mkia. Kule maabara wakiuona wanajua juu ni wapi, puani ni wapi, sikioni ni wapi. Wakisema ugonjwa umebaki upande fulani, anarudi kukata upande huo tu.

Kazi ya ule uzi ni kuning'inia. Ninyi mnaona tatizo liko wapi. Yeye aliliona siku imeshapita.

Kulikuwa na fundi baiskeli, kijana mwenye ualbino, kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa barabara, pale ambapo kivuli kinaondoka asubuhi na hakirudi tena. Huyu alikuwa na mdomo. Kila aliyepita alipewa lake. Mimi alikuwa akiniita mama, si kwa heshima, kwa kutaka vitu. Alikuja akachukua kofia bila kuuliza, akajitazama kwenye kioo changu, akasema, "Mama, nimependeza kuliko nitakavyolipa."

"Utalipa lini?"

"Pesa sina, ufundi ninao. Hilo gurudumu la cherehani lako linalia kama mbuzi anayechinjwa, mtaa mzima hatulali mchana. Kesho nakuja nalinyoosha, hatudaiani."

Cherehani langu ni la miguu, na gurudumu la chini lilikuwa limepinda tangu mama yu hai. Kesho ikapita. Nikampigia kelele ng'ambo ya barabara, "Ahadi ni deni!" Akajibu, "Na deni ni undugu, mama! Ukishalipwa utanisahau!" Ikawa ndiyo salamu yetu.

Kofia ilikuwa na ukingo mzuri, wa vidole vinne kamili. Lakini fundi baiskeli hulala chali chini ya baiskeli, na kofia haikai. Aliigeuza kisogoni. Mbele ya sikio la kulia pakaota kijigamba, kikawa kidonda. Mimi ndiye niliyemkamata mkono nikamvusha barabara mpaka kliniki.

Mdogo wangu alimpa kioo. Fundi akajitazama, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa, daktari. Langu lilianza zamani, hata mama akinidai halisikii."

"Hili halifi," mdogo wangu akasema. "Umewahi kuja. Huyu amewahi, dada! Mmoja amewahi!"

Sijawahi kumwona na furaha ile. Miaka yote alikuwa akiwakata waliochelewa, akiwashona vizuri, wakienda kufa na mishono mizuri. Sasa amepata mtu wa kupona. Nadhani ndiyo maana jambo lile lilimvunja vile.

Siku ya kumkata, umeme ulikatika wagonjwa wakiwa wengi, na fundi alikuwa wa mwisho. Muuguzi alishika tochi. Mdogo wangu alikata, akatoa kinyama, akapitisha uzi wa alama, akafunga fundo. Mkasi ukalia, ta. Akakitia kwenye chupa, akageuka kushona shavu.

Simu ya maabara ilimkuta hapa kwangu, anakunywa chai. Mimi nilikuwa namalizia suruali, nakata nyuzi za pindo. Nilimsikia akisema, "Naam... umebaki? Upande upi?" Halafu, "Hapana, niliweka. Niliweka kwa mkono wangu. Tazameni vizuri." Akasikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye mkasi wangu, ta, ta, ta, nao uzi unadondoka sakafuni. Rangi ya uso wake ilibadilika nikiona.

Akaweka simu mezani. "Nimeukata," akasema.

"Umekata nini?"

"Uzi wa fundi. Nilifunga fundo nikaukata kwenye shina. Kama pindo, dada. Kama mama alivyonifundisha. Wameona fundo, uzi haupo, na fundo lenyewe likazama kwenye nyama. Ugonjwa umebaki upande mmoja, na hawajui ni upi."

Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akanieleza akijichora kwenye shavu lake kwa kidole. Upande wa nyuma ni sikio, ukikata zaidi unapoteza kipande cha sikio, mtu anaishi. Upande wa mbele kuna mshipa wa fahamu unaoinua mdomo na kufumba jicho. Ukiugusa, uso unalegea upande mmoja maisha yote. Kukata pande zote ndiyo salama ya ugonjwa, lakini unamwachia kijana wa watu uso ulioanguka.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Si una kioo?"

"Nikimuuliza lazima nimwambie kwa nini sijui upande."

"Ndiyo. Umwambie."

Hakumwambia. Alimwita, akampa kioo kama kawaida, akamwambia, "Tunaongeza kidogo hapa nyuma, kwa usalama tu." Fundi akasema sikio ni lake la ziada, analo jingine. Mdogo wangu akakata nyuma. Safari hii uzi aliuacha mrefu wa kufungia mzigo. Majibu yakaja: upande huo ni safi. Akajishawishi kwamba amebahatisha. Alikuwa akiniambia, "Ni safi, dada," sikumuuliza, ananiambia tu, tunapokula, tunapofunga mlango, "ni safi."

Upande wa nyuma ulikuwa safi kwa sababu ulikuwa safi tangu mwanzo.

Mvua zilikuja zikaondoka. Fundi aliendelea kunidai subira na mimi kumdai gurudumu. Kisha siku moja nikampigia kelele zangu za ahadi ni deni, akacheka, na kicheko kikatoka upande mmoja tu wa mdomo. Upande wa kulia haukucheka. Nilishikilia mlango.

Ugonjwa ulikuwa umepita mbele, chini ya ngozi, umeufuata ule ule mshipa aliouogopa, na tezi ya shingo ilikuwa imevimba kama yai. Mdogo wangu alimkata tena, mara hii pamoja na madaktari wakubwa. Wakamtuma kwenye mashine ya mionzi. Mashine ilikuwa imeharibika, spea imeagizwa. Wakamwambia asubiri. Sasa unamwambiaje mtu asubiri wakati kilicho shingoni mwake hakisubiri? Mashine ilipopona, foleni ilikuwa ndefu, na zamu yake ilipofika wakamtazama wakamrudisha na vidonge vya maumivu.

Kipindi kile ndipo watu walipoanza kumsema mdogo wangu. Walisema ana kiburi, hasalimii, anapita kama mti. Ukweli ni kwamba alikuwa hawaoni. Alikuwa akija hapa jioni, anakaa kwenye kiti cha wateja, chakula kinapoa.

"Leo nimekata watu sita," aliniambia siku moja. "Wanne nitawakata tena. Wawili hawatarudi, nimewaona machoni. Mmoja alikuja na mwanawe mwenye ngozi kama yake, mtoto hana kofia. Natia maji kwenye pakacha, dada."

"Kula."

"Kila mmoja nitamshona vizuri sana."

"Nimesema kula. Na fundi umemwambia?"

"Atafaidika nini akijua? Atapona?"

"Hatapona. Lakini unamficha mtu uso wake mwenyewe. Wewe si ndiye wa vioo?"

Akasukuma sahani, akaondoka. Tulikaa bila kusemeshana, na mimi nikiudhika nashona vibaya, kwa hiyo ndipo zile kofia za vifuniko vya sufuria zilipotoka. Alipokuja kuzilalamikia nilijua si kofia zinazomuuma. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, naye alikuwa ameshafika ukingoni muda mrefu, hana pa kukanyaga.

Tulikuwa bado tumenuniana juu ya ile kofia siku hiyo hiyo, yeye amesimama, mimi nimeketi, mlango ukapata kivuli. Fundi baiskeli. Alikuwa amevuka barabara peke yake, polepole, mfuko wa spana begani. Shingo imefungwa bandeji, jicho la kulia halifumbi tena, linachuruzika machozi lenyewe. Alikuwa amekonda, kofia yangu imemshukia mpaka kwenye nyusi.

"Mama," akasema, maneno yakitokea upande mmoja. "Nimekuja kwa lile gurudumu."

"Keti, mwanangu. Hilo nilishakusamehe zamani."

"Nani kakuomba unisamehe? Dawa ya deni kulipa. Sogea."

Nikasogea. Akaketi sakafuni, akatoa spana, akalala ubavu chini ya cherehani. Mkono haukuwa na nguvu ya kushika gurudumu na kulegeza nati kwa pamoja. Akasema bila kugeuka, "Daktari, hujapoteza mikono. Njoo ushike."

Mdogo wangu akapiga magoti na koti lake jeupe, akashika gurudumu kwa mikono miwili. Grisi nyeusi ikamwingia kwenye mikono ya koti. Ikasikika spana tu, na fundi anavyohema. Mimi nilisimama dirishani nikijifanya natazama barabara.

"Ile mara ya kwanza," mdogo wangu akaanza.

"Shika sawasawa."

"Ile mara ya kwanza niliweka uzi wa kuonyesha ugonjwa umebaki upande gani. Nikaukata kwa bahati mbaya. Sikujua upande. Nilibahatisha nyuma, na ulikuwa mbele. Nilikwambia ni usalama tu. Haikuwa usalama. Nilikuwa sijui."

Spana ikasimama. Jicho lile lisilofumba likamtazama, na mtu akikutazama bila kupepesa huwezi kujua anawaza nini.

"Kwa nini hukukata mbele?"

"Niliogopa mdomo wako utapinda."

Fundi akavuta pumzi, akajifuta udenda kwa mgongo wa mkono. "Sasa huu umefanya nini, daktari? Umenyooka?"

Mdogo wangu akazidi kulibana gurudumu.

"Ungeniuliza," fundi akasema. "Ningekwambia kata mbele. Mdomo uliopinda ningeuzoea. Mimi na mdomo wangu tungeelewana."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniuliza."

Nilidhani atanyanyuka aondoke, na ningemwelewa. Lakini kazi ilikuwa nusu. Akarudisha spana kwenye nati. "Inua kidogo. Zaidi. Hapo. Usiachie mpaka nikwambie." Mdogo wangu aliinua, machozi yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kujifutia. Hakuachia. Fundi aligonga pale palipopinda, akatazama, akagonga tena, akapaka grisi, akakaza. Ilimchukua muda mrefu kuliko ambavyo ingemchukua zamani, na mara mbili alipumzika kichwa sakafuni, nasi tukamsubiri.

"Achia."

Mdogo wangu akaachia. Akabaki amepiga magoti. "Na mimi je?" akauliza kwa sauti ya chini sana. "Lile deni langu?"

"Lako siwezi leo, daktari," fundi akasema akitafuta ukuta wa kujiinulia. "Leo nimekuja kwa la mama."

Nikamshika mkono akasimama. Alikuwa mwepesi kama nguo. Akanielekeza kiti kwa kidevu, "Kanyaga."

Nikaketi, nikakanyaga. Gurudumu la mama yetu, lililolia tangu utoto wetu, likazunguka kimya, sindano ikapanda ikashuka, hakuna kilichosikika chumbani isipokuwa pumzi zetu.

Fundi alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lililobaki zima.

"Hatudaiani, mama," akasema.